Diwani wa Ujazo Mkubwa

Kuna watu ukitaka kuwaeleza unaanzia usoni. Huyu naanzia kwenye makalio, na anisamehe, maana nikiandika husoma kwa sauti kama tulivyofundishwa, na ukuta wangu ni mwembamba. Miaka yote niliyomjua sijamwona akikalia kiti iwapo karibu yake kuna msingi wa nyumba. Mtu yeyote Kasulu akichimba msingi, akapanga mawe, akamwaga zege, asubuhi yake Diwani yuko juu yake amekaa, fimbo katikati ya magoti, kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya baridi yetu. Hakuitwa wala hakutumwa. Swali lake ni moja.

"Mlango utatazama wapi?"

Ukijibu kwamba utatazama njiani, anatabasamu na kukuombea baraka. Ukijibu kwamba utatazama nyuma, anainuka, anajikung'uta vumbi, anaondoka bila kuaga.

Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, sitaeleza. Wenyewe wapo, waulizeni. Mimi naeleza niliyoyaona, kwa sababu alimwoa dada yangu, na kati ya kwake na kwangu palikuwa na mstari wa migomba tu. Yeye aliniita Tajiri kwa kejeli, mimi nikamwita Mheshimiwa kwa kejeli ileile, na shemeji na shemeji ndivyo wanavyoishi. Wengine wote walimwita Diwani. Aliposhindwa uchaguzi waliendelea kumwita Diwani, na aliyemshinda wakamwita "yule kijana".

Utajiri wangu wenyewe niliutoa kwenye udongo. Shule niliiacha darasa la tatu. Nikabeba matofali ya watu kichwani, kisha nikafyatua yangu, kisha nikachoma tanuri langu la kwanza huku nikikohoa moshi kama mzee. Nyumba nyingi za matofali mtaani kwetu zimepita mikononi mwangu. Sisemi hivi kujisifu. Au najisifu, lakini ni kweli.

Yeye matofali yangu alikuwa akiyasifia na hakuyanunua. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushangaza. Mtu aliyepigania nyumba za kata nzima, nyumba yake upande mmoja ilikuwa bati na upande mmoja nyasi, na mvua ilipoingia alihamia na kitanda chake upande mwingine, akiburuza. Dada yangu akimlalamikia, alimjibu, "Mama watoto, nikianza kujenga ya kwangu watasema nimekula za halmashauri." Dada akamjibu, "Bora waseme umekula, wewe ambaye hata panya wanatuhurumia." Walicheka wote wawili. Hakujenga.

Jambo la pili: hakunywa pombe, lakini kikao chake kikubwa kilikuwa kilabuni, kwenye pombe ya ndizi. Alikaa na kikombe cha chai kati ya watu walioshika vibuyu, akasuluhisha ugomvi wa mipaka. Alisema mlevi husema mpaka wake ulipo kweli, mtu mkavu husema mahali anapotaka uwe. Na ingawa kila Jumapili alikuwa kanisani benchi la mbele, Ramadhani ilipofika alifunga siku ya kwanza pamoja na mzee wa duka la vitambaa, mtu wa asili ya Tanga, kisha akala futari nyumbani kwake mwezi mzima. Mzee wa duka akimwambia, "Diwani, umefunga siku moja na unafuturu thelathini," yeye alijibu kwamba anawakilisha wananchi.

Tena kulikuwa na "pointi ya oda". Neno hilo, la kudai utaratibu ufuatwe, aliliokota kwenye baraza la madiwani wiki ya kwanza ya udiwani wake, akalitoa nje kama mtu aliyepewa koti jipya. Harusini chakula kilipochelewa kufika nyuma, alisimama. "Pointi ya oda! Upande huu tunaona mifupa inarudi, nyama hatujaiona ikienda." Kanisani padri aliporefusha mahubiri, tulimshika Diwani mkono asisimame. Alipokasirika sana aliacha Kiswahili akaingia Kiha, na hapo hata mbwa walitulia.

Lakini kikubwa chake kilikuwa kutorudi nyuma. "Neno likitoka halirudi tumboni," ndivyo alivyosema. Mwaka mmoja alinunua mbuzi mnadani, akatangaza njia nzima kwamba ni jike, atazaa mapacha. Walipofika nyumbani dada yangu akamgeuza mbuzi mara moja tu. Ni dume. Unadhani alikubali? Alimwita yule mbuzi "mama" mpaka Krismasi, na siku ya kumchinja akasema, "Huyu mama hakubahatika kuzaa." Tukala tukimpa pole.

Mbuzi huyo mkumbukeni, kwa sababu ni kwa ajili yake mimi nilimkosea shemeji yangu hesabu kwa muda mrefu.

Mji wetu ulipokua, halmashauri ilileta mipango. Walikuja kwenye shule ya msingi, na ramani, na binti mmoja afisa mipango miji, mtu wa Dar es Salaam, mpole, anavaa viatu ambavyo udongo wetu mwekundu ulivitoa roho siku hiyohiyo. Tulijaa darasani. Akasema shirika la nyumba la umma linataka kujenga, na eneo letu ni zuri, lina mwinuko, linaonekana. Akasema wale wenye viwanja vidogo sana huenda wakapisha, nao watapewa maeneo mengine mbali, njia ya Kitanga. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtaa huu tumependekeza uwe makazi ya ujazo mdogo." Akafungua mdomo atueleze maana yake. Mvua ikashuka.

Aliyewahi kukaa chini ya bati mvua ya Kasulu ikishuka anajua. Tulimwona binti anaongea, mikono inapanda, mikono inashuka. Hatukusikia hata silabi. Mvua ilipokatika alikuwa amemaliza na anakunja ramani.

Sasa tukabaki na neno. Ujazo mdogo. Mimi ni mtu wa biashara, nimenunua maharage kwa debe, najua ujazo. Debe la ujazo mdogo ni la kupunjwa. Debe la ujazo mkubwa ni la haki. Nikasimama palepale mlangoni nikawaambia watu.

"Hawa wanatupunja. Wanataka kutupa vidogo, na watakaokosa waende Kitanga. Sisi tudai mkubwa!"

"Mkubwa!" wakajibu.

Mama mmoja muuza maandazi, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya migomba yangu na ningeweza kuifunika kwa turubai moja, akanishika mkono. "Baba, wakinipeleka Kitanga maandazi nitamuuzia nani? Nyani?"

"Huendi popote," nikamwambia. "Tutamtuma Diwani."

Mimi nilikuwa na langu pia. Shamba langu la migomba lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote mtaani. Nilipanga kulizungushia ukuta na kuweka nyumba ya ghorofa katikati, niketi juu niwaangalie wote waliowahi kunitwisha matofali. Kwa hiyo ujazo mkubwa niliutaka kwa moyo wote.

Siku ya baraza la madiwani tulikwenda wengi, tukajaza mabenchi ya wananchi nyuma ya ukumbi. Mama wa maandazi alikaa karibu nami, ametoka moja kwa moja kwenye mafuta, ananukia hiliki. Ajenda ilipofika kwetu, Diwani alisimama. Siku hiyo alikuwa amevua kofia, jambo ambalo hata kanisani alilifanya kwa shingo upande.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, pointi ya oda."

"Mheshimiwa, hakuna aliyevunja utaratibu. Changia tu."

"Nachangia. Watu wangu wamesema. Ujazo mdogo hawautaki. Hawautaki leo, hawautaki kesho. Watu wangu wanataka ujazo mkubwa!"

Upande wa maafisa mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Sisi huku nyuma tulilipuka makofi. Yule binti wa ramani akainuka kitini, akapita nyuma ya madiwani, akamwinamia shemeji sikioni. Nilidhani anamwomba apunguze sauti.

Mwenyekiti akasema, "Kwa desturi yetu, mambo ya kata tunamsikiliza diwani wa kata. Lakini hili ni zito. Mheshimiwa, unathibitisha hoja yako?"

Diwani akanyamaza. Akageuka akatutazama sisi wa benchi, kama mtu anayetafuta alikoweka fimbo. Mimi nikaona anafaidi utamu wa ushindi, nikazidisha makofi mpaka kofia yangu ikaanguka. Mwisho akageuka mbele.

"Nathibitisha. Neno likitoka halirudi tumboni."

Hoja ikapita. Tulimbeba begani mpaka sokoni.

Pale sokoni ndipo tulipokutana na mzee wa duka la vitambaa, amekaa na mita yake shingoni.

"Mmeshinda nini, jamaa zangu?"

"Ujazo mkubwa!" nikamwambia.

Akaacha kukunja kitenge. "Hasha. Ninyi ndio mmeuomba?"

"Sisi."

"Ndugu yangu, ujazo ni kujaa. Ujazo mkubwa ni watu wengi kwenye eneo dogo, nyumba zinagusana. Ni kama sinia moja la futari mnalolila watu kumi. Ujazo mdogo ndiyo nafasi kubwa, nyumba moja moja, wakubwa na kuta zao." Kisha akaanza kucheka, akashika meza. "Waha ninyi! Mmekwenda mpaka barazani kuomba kubanwa!"

Watu waliokuwa wamembeba Diwani wakamshusha polepole, kama mzigo ambao hawajui umebeba nini. Mama wa maandazi ndiye peke yake aliyeuliza la maana.

"Mzee, na Kitanga?"

"Kitanga hakuna, mama. Ukibanwa unabanwa hapahapa."

Akapiga kigelegele kimoja, akarudi kwenye mafuta yake.

Mimi nilimgeukia shemeji. "Mheshimiwa, ulijua?"

"Nilichosema nimesema."

"Nakuuliza ulijua au hukujua?"

"Tajiri, mlango wako utatazama wapi?"

Nikamwacha hapo. Nikajua ni yule mbuzi tena. Amekosea jike kwa dume, na sasa atamwita mama mpaka Krismasi.

Wapimaji wakaja, wakapigilia mawe ya mipaka kwenye migomba yangu. Fidia walinipa, kiasi gani ni siri yangu na mke wangu. Lakini shamba likawa viwanja, viwanja vikawa nyumba. Shirika likajenga zile nyumba za mistari, ukuta mmoja watu wawili, bei ambayo mwalimu na fundi baiskeli wanaiweza. Mimi nikabaki na viwanja vyangu kadhaa katikati. Nikajenga yangu ya kuishi na mstari wa vyumba vya kupangisha kando yake. Ghorofa haikuwezekana, ningeketi juu ningeangalia nini, shuka za jirani? Ilinibidi nijue radio ya nani inafunguliwa saa ngapi, na mtoto wa nani hataki kuoga.

Kwa muda mrefu nilimpita shemeji njiani nikitazama angani. Dada yangu alinifuata. "Wewe na mwenzio mna umri gani?"

"Mumeo ameliuza shamba langu kwa ujinga wa Kiswahili."

"Ujinga wa Kiswahili?" dada akasema. "Na debe la maharage lilikuwa la nani?"

Mtu haulizwi swali kama hilo na mdogo wake.

Kilichonirudisha ni moto. Kiangazi kimoja, mchana, upepo unavuma, mke wangu ameinjika maharage kwenye jiko letu la nje, lile la kuezekwa kwa nyasi ambalo nilikataa kulibomoa kwa sababu ugali wa muhogo hauivi vizuri kwingine. Nyasi zikashika. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa nyumba za mstari, na kuzunguka ni mbali. Niliona mwisho wangu, maana upepo ulikuwa unaelekea kwenye vyumba vya wapangaji.

Hakuna aliyezunguka. Mama mmoja Mkongo, aliyeolewa hapahapa kwetu, alifungua dirisha lake la mbele na la nyuma, akapiga kelele, "Mayi! Leteni mayi, bapapa!" Ndoo ya maji ikaingia dirisha moja ikatoka dirisha jingine, ikapita sebuleni kwa mwalimu, ikapita chumbani kwa fundi baiskeli, ikanifikia mkononi imejaa. Nyuma yake nyingine. Na nyingine. Watu hawakutembea hata hatua, walisimama kila mtu kwake na kunyoosha mikono. Sufuria, beseni la mtoto, hata lile karai la maandazi lilipita likiwa na maji. Moto ukafa ukiwa umekula jiko tu, na maharage.

Nilipogeuka kufuta jasho nikamwona Diwani amekaa juu ya msingi wa choo cha jirani, fimbo katikati ya magoti.

"Tajiri," akasema, "kwenye ile ghorofa yako katikati ya shamba, ndoo zingepita wapi?"

Nikataka kumtukana. Nikacheka. Tukala ugali pamoja siku hiyo, na samaki wa ziwani, migebuka iliyoletwa na yule Mkongo, na tangu hapo sikutazama tena angani. Lakini swali langu halikutoka. Kama alijua, basi alinichezea shere mbele ya mji mzima. Kama hakujua, basi nilimbeba mpumbavu begani. Nilitaka kujua shemeji yangu ni yupi kati ya hao wawili, na kila nilipouliza aliniuliza mlango wangu unatazama wapi.

Dada yangu alipofariki, binti yao, mwuguzi kule Kibondo, alimchukua baba yake. Alifanya vema. Ile nyumba ya nusu nyasi haikuwa ya mtu mzee peke yake. Nikakaa, nikakaa, nikaona mdomo wangu unakosa wa kugombana naye. Nikapanda basi la asubuhi kwenda Kibondo.

Nyumba ya binti ni nzuri, sitasema uongo. Kiwanja kikubwa, majani yamekatwa, ukuta mrefu, geti la chuma lisilo na hata tundu. Mpwa wangu alinipokea. "Karibu mjomba. Baba yuko nje. Nimemnunulia kiti cha kuegemea, hakikalii."

Nilimkuta amekaa chini kwenye zege, karibu na geti, ameinamisha kichwa anachungulia upenyo wa chini. Kofia ileile.

"Mwidiwe, Mheshimiwa," nikamwamkia kwa Kiha.

"Tajiri!" Hakuinuka, akanipigia zege kwa kiganja nikae. "Keti. Kikao kinaendelea."

"Kikao gani?"

"Tazama chini ya geti. Hao ni wananchi. Yule mwenye makubazi ya matairi ni muuza mkaa, amechelewa leo. Sendo nyekundu ni yule mama mwenye mguu mbaya, anaendelea vizuri. Nyuso zao sizijui. Viatu vyao vyote navijua."

Tukatazama viatu. Havikuwa vingi. Ndani ya ukuta palikuwa kimya, ukimya wa mahali ambapo hata radio ya jirani haifiki.

"Hapa ni ujazo gani?" nikamuuliza.

"Mdogo," akasema. "Mdogo kabisa. Mtoto wangu ananipenda, amenipa nafasi. Tajiri, nafasi haiongei."

Nikaona saa ya swali langu imefika. "Shemeji. Dada hayupo tena wa kutuamua. Niambie. Siku ile barazani, ulijua au hukujua?"

Nilingoja lile swali la mlango unatazama wapi. Hakusema hivyo. Alivua kofia.

"Niliposimama sikujua. Nilikuwa na neno lenu tu, la debe. Ndipo yule binti akaniinamia sikioni. Akaniambia, 'Mheshimiwa, umegeuza. Mkubwa ni kubanana. Lakini hakuna atakayehamishwa.' Hapohapo mwenyekiti akauliza kama nathibitisha."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikatazama benchi. Nikamwona mama wa maandazi ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nikasema, huyu nikirudisha neno anakwenda Kitanga. Kisha nikasema, lakini shemeji yangu ana shamba, nikithibitisha linakatwa. Nikakutafuta wewe. Nikakuona unapiga makofi mpaka kofia imeanguka."

"Mimi sikujua maana yake!"

"Najua hukujua. Ningekueleza, ungepiga?"

Nikafikiria. Mimi si mtu wa kusema uongo kwa ajili ya adabu. "Nisingepiga."

"Ndiyo sababu sikukueleza," akasema. "Mwenye shamba kubwa kuliko wote mtaani ameunga mkono mbele ya baraza. Mimi nani nimkatalie?"

Na akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha siku ya dada yangu na panya, mpaka mpwa wangu akachungulia dirishani kuona baba yake amepatwa na nini. Nikataka kukasirika, nikatafuta hasira yangu ya miaka yote niliyoibeba kwenye basi lile, nikakuta sijui nimeishusha kituo gani. Chini ya geti sendo nyekundu zilipita, zikichechemea kidogo.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwangu, kile chumba cha mwisho cha mstari, mpangaji ametoka. Ukuta wake na ukuta wangu ni mmoja. Mkongo yuko mbele, anapika sana. Mwalimu ana radio mbaya. Maandazi yapo hatua chache."

Alinitazama kama anavyowatazama wenye misingi mipya.

"Mlango unatazama wapi?"

"Njiani."

"Na ujazo?"

"Mkubwa."

"Pointi ya oda," akasema, na alikuwa ameshainuka, anapapasa ukutani akitafuta fimbo yake.